Kula Meza Moja na Watu Usiowajua

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, jioni ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula)



Nimeombwa niseme maneno machache kabla ya chakula. Najua vijana mna njaa. Nami nilikaa kwenye mabenchi hayo hayo nikiwasikiliza wageni huku harufu ya pilau ikiingia dirishani, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Katibu aliniandikia nizungumze juu ya maendeleo ya vijana. Nimeomba kulibadili somo hilo kwa kuwa mmekwisha kulisikia mara nyingi kutoka kwa watu walio hodari kuliko mimi. Nimechagua jambo dogo: mtu akiwa safarini melini, je, yafaa ale meza moja na watu asiowajua, au ale kando, peke yake au na walio wake? Msicheke. Mkinivumilia mtaona kwamba jambo hili latuhusu hata sisi tulio mbali na bahari.

Tuanze na meli zenyewe. Katika karne ya 19, abiria wa meli kubwa walikula kwenye meza ndefu, na viti vilifungwa sakafuni kwa sababu ya mawimbi. Mtu alikaa alipopangiwa, akamsalimu aliyemkuta pale. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilianzisha mkahawa wa pekee, ambamo tajiri aliagiza chakula akitakacho, saa aitakayo, kwa malipo ya ziada. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo kwa abiria wa daraja la kwanza, na huko chini abiria wa daraja la tatu waliendelea na meza zao ndefu. Kwa hiyo tangu zamani kula faragha baharini kumekuwa ni kitu chenye bei.

Baadaye zikaja meli za kitalii, zile zinazozunguka kwa starehe tu. Kwa miaka mingi desturi yake ilikuwa hii: chakula cha jioni kiliandaliwa kwa zamu mbili, na kila abiria alipewa zamu yake na namba ya meza yake kwa safari nzima. Ukiketi na mwalimu mstaafu na mkewe siku ya kwanza, basi ni hao hao hadi siku ya mwisho. Mhudumu naye alikuwa ni yule yule, na siku ya tatu alikwisha kujua nani hali vitunguu. Wachache walialikwa kwenye meza ya nahodha, na hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaanzisha utaratibu mwingine: kula saa upendayo, na yule umpendaye, katika mkahawa unaoutaka. Watu waliupenda, na kampuni nyingine zikafuata kila moja kwa namna yake. Katika Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ukumbi utakaolia chakula hutegemea chumba ulicholipia. Mwaka 2024 imeanza meli iitwayo Icon of the Seas, ambayo ikijaa huchukua abiria wapatao 7,600. Huo ni mji mzima unaoelea, lakini mtu aweza kukaa humo juma zima asimwombe jirani chumvi.

Sasa vijana, sikilizeni jambo hili. Icon of the Seas iliundwa Turku, nchini Finland, katika yadi iliyokuwa mali ya ukoo wa Meyer. Yadi ya asili ya ukoo huo iko Papenburg, Ujerumani, nayo ilianzishwa mwaka 1795. Ni yadi hiyo hiyo ya Papenburg iliyoiunda Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Vipande vyake vilipakiwa katika masanduku, vikaletwa Dar es Salaam kwa meli, vikapelekwa Kigoma kwa reli, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ile meli ya anasa na ile ya dagaa ni watu wa ukoo mmoja.

Nami somo langu nililipata katika Liemba. Mwaka 2009 nilikuwa mtumishi kijana wa serikali, miaka mitano tu tangu nitoke Chuo Kikuu, nikifanya kazi katika ofisi moja iliyoshughulikia maji. Jumatano moja jioni nilipanda Liemba pale Kigoma kwenda kukagua visima katika vijiji viwili vya kusini. Nilikuwa na tiketi ya daraja la kwanza, suruali iliyopigwa pasi, na mkoba wenye daftari la visima vyote.

Chumba cha kulia kilikuwa na meza chache, na zote zilikuwa na watu. Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya wali nikitafuta pembe ya kujificha, nisiione. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyepanda kutoka daraja la tatu kuja kununua chai, akaniita: "Baba, njoo ukae, chakula hakiliwi kwa kusimama." Pale mezani palikuwa na yeye, fundi wa mashine za boti, na mzee mmoja aliyetoka kumwuguza nduguye hospitali. Yule mama alifungua kifurushi chake, akanikatia kipande cha mgebuka wa kukaanga bila kuniuliza jina.

Mazungumzo yalianza na bei ya mafuta ya taa, yakafika kwenye maji. Mama akasema pampu ya mkono kijijini kwao imekufa mwaka wa pili sasa, na watoto wanachota ziwani. Kipindupindu kiliwahi kupita, kikaondoka na watu. Fundi akauliza kama wamepeleka taarifa. Mama akacheka. "Tumeandika barua tatu. Wakubwa wa maji tunawaona wakipita na meli hii hii. Kwetu hawashuki."

Ndugu zangu, mgebuka ulinikwama kooni. Nilikijua kijiji hicho. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mbele ya jina lake pameandikwa: "Kinafanya kazi." Ndiyo maana hakikuwamo katika vijiji vyangu viwili. Nilitafuna, nikanywa maji, nikanyamaza. Wakaniuliza nafanya kazi gani, nikajibu, "Naandikaandika tu."

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nikamtafuta yule mama kati ya magunia, nikamwambia, "Mama, mimi ni mmoja wa hao wanaopita." Nilitazamia anitukane. Alinitazama, kisha akasema, "Basi umekwisha kula samaki wangu. Shuka ukaone." Sehemu ile haikuwa na gati, abiria walishuka kwa mitumbwi iliyokuja ubavuni mwa meli. Nikashuka naye, suruali ikalowa hadi magotini. Niliishika ile pampu kwa mkono wangu, nikaipiga mara ishirini, haikutoa tone.

Sitawadanganya kwamba kesho yake maji yalitoka. Ilichukua miezi minane, na barua nyingi, na mkubwa wangu mmoja aliniuliza ni nani aliyenituma kushuka kijiji kisichokuwamo katika ratiba. Lakini maji yalitoka. Tena nilipolipitia daftari upya niliona vijiji vingine vinne vya namna ile. Ningalikula chumbani mwangu jioni ile, ningalirudi ofisini na taarifa safi yenye uongo ndani yake.

Mngefikiri basi kwamba tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa meza za watu. La hasha. Mwaka 2014 nilipelekwa Sweden kwa mafunzo ya miezi mitatu. Siku moja waandalizi walitupeleka kwa meli ya usiku kutoka Stockholm hadi Helsinki. Ilikuwa meli kubwa, yenye maduka na muziki, na kila mmoja wetu alipewa karatasi yenye saa ya kula na namba ya meza. Niliangalia ndani ya ukumbi nikaona wazungu wazee wamekwisha kuketi kwenye meza yetu. Nikachoka hata kabla ya kuanza. Niliona haya kwa Kiingereza changu, na kwa zile uma na visu vilivyopangwa. Nikawaambia wenzangu kichwa kinaniuma, nikaenda katika mkahawa mdogo wa kulipia, nikala peke yangu nikitazama kioo cheusi cha dirisha. Samaki alikuwa mzuri, na bei yake iliniuma kwa siku kadhaa.

Nilipokuwa nikijiandaa kulala, mwenzangu wa kutoka Zambia akagonga mlango. "Umekosa," akasema. Pale mezani palikuwa na bibi mmoja wa Kifini aliyefanya kazi ya uuguzi kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1970. Alikuwa akiuliza kama yumo Mtanzania. Alikuwa na maneno ya Kiswahili ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia. Mzambia alimwambia yupo mmoja, lakini anaumwa kichwa. Bibi akasema, "Mwambie pole sana," kwa Kiswahili, na mwenzangu akayashika maneno hayo ili aniletee.

Asubuhi tulipofika Helsinki nilisimama karibu na ngazi ya kushukia, nikiwatazama wazee wote waliopita. Sikumpata, wala jina lake sikulijua. Hadi leo najiuliza ni habari gani alizokuwa nazo, na labda ni jamaa wa nani aliyemhudumia.

Hata hivyo, Ndugu Mwenyekiti, haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Wako wanaokula peke yao kwa sababu njema. Maharusi waachwe. Mfiwa aachwe mpaka atakapotoka mwenyewe. Mgonjwa ana haki yake, na mtu aliyechoka kweli asilazimishwe kutoa maneno. Tena zile meza za kupangiwa zilikuwa na adha yake: ukikutana na mlevi au mtu wa majivuno siku ya kwanza, utamla pamoja na supu siku kumi na nne. Wala kula faragha si kitu cha kupendeza siku zote. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona. Ilikuwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria walifungiwa vyumbani, chakula kikaletwa mlangoni. Pale kila abiria alikula faragha, na sidhani kama yuko aliyeionea fahari.

Basi mimi sisemi iwekwe sheria. Nasema tu kwamba mtu huijua njaa yake kwa urahisi, lakini haya yake na kiburi chake huvijua kwa shida, kwa maana vyote viwili huvaa nguo ya uchovu. Mimi mle melini nilisema nimechoka. Kwa kweli niliogopa.

Na hofu hiyo shule hii ilikwisha kunitibu mara moja. Mwaka 1994 nilipoingia Kidato cha Kwanza, nilipangiwa meza ya tano, hapo karibu na nguzo. Tulikuwa wanane, kutoka vidato vinne na mikoa mingi, wala sikumjua hata mmoja. Nililia usiku wa kwanza. Lakini meza ilikuwa na amri yake, nanyi vijana nadhani mnayo bado: anayegawa huchukua wa mwisho. Kiranja wa meza alikuwa wa Kidato cha Nne, mkubwa wa mwili, na aliposhika upawa wa maharage tulimtazama wote. Alipogawa vibaya, yeye ndiye aliyebaki na mchuzi mtupu. Kwa miaka minne sikusikia somo la uongozi lililo fupi kuliko hilo. Na haliwezi kufundishwa kwa mtu anayekula peke yake, kwa sababu hana wa kumgawia.

Ninyi vijana mtakwenda mbali kuliko sisi. Baadhi yenu mtapanda meli hizo kubwa, wengine mtafanya kazi ndani yake. Mtapewa vyumba, magari yenye vioo vyeusi, na ofisi ambazo chai huletwa na mtu. Yatumieni, kazi inayahitaji. Lakini angalieni msije mkafika mahali ambapo hakuna tena mtu wa kuwakatia mgebuka na kuwaambia pampu imekufa.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Nimeona kamati imetuandalia meza kuu yenye kitambaa cheupe, na jina langu limeandikwa pale. Nawashukuru sana kwa heshima hiyo, nami naomba msinichukie. Kiti changu mpeni mpishi wetu wa zamani, ambaye nimemwona amesimama kule nyuma tangu nianze kusema. Mimi naomba nafasi katika meza ya tano, kama vijana watakubali kubanana kidogo. Na kama mtanipa upawa, najua zamu yangu ya kuchukua ni ipi.