Mgeni wa Kifalme Katika Kisiwa cha Mbali

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa katika baraza la Njukini, Taveta, mbele ya wazee, walimu, akina mama na vijana.



Leo napenda kuwaeleza habari za picha ya televisheni iliyoonyeshwa Uingereza mwezi wa Mei, 1957, na habari za kisiwa kidogo kilichotembelewa katika safari iliyosimuliwa na picha hiyo. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi wakulima wa ndizi, tukaao chini ya Kilimanjaro, tuna haja gani na kisiwa kilicho katikati ya bahari?" Naomba mnivumilie kidogo. Safari hiyo ilianzia katika bandari ya Mombasa, na mafundisho yake yatafika mpaka hapa tulipoketi.

Mwaka 1956 Mombasa ilipokea wageni wawili wa kifalme. Wa kwanza alikuwa Binti Mfalme Margaret, aliyefika mwezi wa Septemba. Wa pili alikuwa Mtukufu Philip, Duke wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, naye alipanda meli ya kifalme iitwayo Britannia mwezi wa Oktoba. Alikuwa akienda Melbourne, Australia, kufungua Michezo ya Olimpiki tarehe 22 Novemba. Lakini hakwenda moja kwa moja na kurudi. Alipita Seychelles na Ceylon, na baada ya Michezo akafika New Zealand, akaingia katika bahari ya barafu ya Antaktika, akapita Visiwa vya Falkland, Tristan da Cunha na St Helena, ndipo akarudi Ulaya mwezi wa Februari, 1957.

Aliporudi alikwenda kwenye kituo cha BBC, akaeleza safari yake kwa kinywa chake mwenyewe huku picha zikionyeshwa. Kipindi hicho kiliitwa kwa jina la kuizunguka dunia katika dakika arobaini. Siku zile jambo hilo lilikuwa geni, kwa maana watu wa jamaa ya kifalme hawakuwa na desturi ya kusimama mbele ya kamera na kuongoza kipindi. Huku kwetu hakuna aliyekiona nyumbani kwake, kwani televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Picha tulizozijua vijijini ni zile za gari la sinema, lililokuja jioni na kutandaza kitambaa cheupe uwanjani.

Sasa niwaeleze juu ya kile kisiwa. Tristan da Cunha ni mlima wa moto uliotokeza baharini, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Upana wake ni kama kilomita 12 tu, na kilele chake kinapita mita 2,000. Ukitaka kwenda Cape Town kutoka huko, utasafiri baharini zaidi ya kilomita 2,700. Watu wake hawafiki 300. Wazazi wao wa kwanza walikaa huko tangu mwaka 1816, na mpaka leo majina ya koo zao ni machache mno. Kazi yao ni kulima viazi, kufuga kondoo na ng'ombe, na kuvua kamba wakubwa wa baharini. Kijiji chao kinaitwa Edinburgh, kwa ukumbusho wa mwana mwingine wa kifalme, Alfred, aliyefika huko mwaka 1867. Kwa hiyo watu wale walikaa miaka 90 baina ya Duke wa Edinburgh mmoja na mwingine.

Mtukufu Philip alifika huko mwezi wa Januari, 1957. Basi fikirini ziara kama hiyo jinsi ilivyo. Mgeni huja, watu huvaa nguo zao nzuri, mashua hutolewa, salamu husemwa, picha hupigwa. Kabla ya siku nyingi kupita meli imekwisha kutoweka, na wenyeji wamerudi kwenye viazi vyao. Anayetazama picha akiwa Ulaya huona watu maskini, walio mbali na kila kitu kizuri, nao wamefurahi kupata mgeni. Picha haisemi uongo, lakini huonyesha siku moja tu.

Karibu miaka mitano baadaye, siku nyingine ilikuja ambayo haikuwamo katika picha. Mwezi wa Oktoba, 1961, mlima ulipasuka karibu na kijiji. Watu wote, zaidi ya 260, walilazimika kuingia mashuani na kuhamishwa mpaka Uingereza. Ujiuji wa moto ulikifunika kiwanda chao cha kamba. Kule Uingereza walipewa nyumba, kazi za mshahara na shule. Waliona magari, taa za umeme na maduka yaliyojaa. Lakini pia waliona baridi na magonjwa ya kifua wasiyoyazoea, na baadhi ya wazee wao walifariki huko.

Wengi walidhani kwamba watu wale hawatataka tena kurudi mwambani. Mwezi wa Desemba, 1962, waliulizwa kwa kura. Kura 148 zilikuwa za kurudi, na kura 5 tu za kubaki. Mwaka 1963 wakarudi, wakasafisha nyumba zao, wakalima viazi vyao tena.

Wenzangu, jambo hilo lafaa kufikiriwa sana. Ziara yote ya kifalme haikutufahamisha habari za watu wale kama kura ile ilivyotufahamisha. Yule aliyewahurumia kwa sababu ya picha hakujua kwamba walikuwa na kitu wasichotaka kukibadili kwa taa za umeme. Mcheza kwao hutunzwa.

Tena ipo njia nyingine ya kuitazama safari ile. Meli ilipita Seychelles na St Helena. Visiwa hivyo tunavijua sisi wa Afrika Mashariki kwa sababu nyingine. Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899, wakapelekwa Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifariki kabla ya kufika kwao. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani wa Unguja kwa siku mbili tatu mwaka 1896, alishikwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa Seychelles na St Helena, hata mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Basi, bahari ni ile ile na visiwa ni vile vile. Lakini mmoja hufika kwa mizinga ya salamu, na mwingine hufika akilindwa na askari. Anayesimulia ndiye anayechagua ni safari ipi ikumbukwe.

Hapa ndipo neno linapofika Njukini. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi hii. Wajerumani waliuteka Taveta mwezi wa Agosti, 1914, na mwezi wa Februari, 1916, watu wengi walikufa kwenye kilima cha Salaita. Wageni huja kutazama mahali pale, nao huzijua habari za Jenerali Smuts na za von Lettow-Vorbeck. Lakini ni nani ajuaye majina ya wapagazi waliobeba mizigo na risasi, wakafa kwa njaa na maradhi? Ni nani ameandika jinsi wazee wetu walivyoishi kando ya mto Lumi na Ziwa Chala vita vilipowazunguka?

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. Kwanza, ninyi vijana wenye simu za kupigia picha, msingoje mgeni mkubwa aje ndipo mpige. Pigeni picha ya siku ya kawaida: mfereji unapozibuliwa, ndizi zinapopakiwa, mzee anapoamua shauri. Pili, ninyi walimu, wapeni watoto kazi ya kuwauliza babu na bibi zao, na kuandika majibu pamoja na majina na miaka, kwani mzee akifa huondoka na mengi. Tatu, ninyi wazee, msikatae kuulizwa, wala msiseme kwamba habari zenu ni ndogo. Kisiwa cha watu wasiofika 300 kimeweza kuwafundisha watu wa mataifa makubwa.

Ile meli Britannia iliondolewa katika kazi mwaka 1997, na sasa imefungwa gatini Leith, watu huingia kwa tikiti kuitazama. Mtukufu Philip alifariki mwaka 2021. Watu wa Tristan bado wanalima viazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akiisha kwenda, habari za mji husimuliwa na mwenyeji.