Kipimo cha Kazi ya Mtoto: Swali la Mdadisi na Jibu la Kaya

Si kila kazi ya mtoto ni utumikishwaji. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1973 unashughulikia umri wa chini wa kuajiriwa, na Na. 182 wa 1999 unahusu aina mbaya zaidi za kazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Watakwimu, kwa upande wao, hutenganisha kwa saa. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 huhesabiwa kuwa anatumikishwa akifanya shughuli ya kiuchumi hata saa moja kwa wiki. Wa miaka 12 hadi 14, akifikisha saa 14. Wa miaka 15 hadi 17, akifikisha saa 43. Kazi hatarishi huhesabiwa bila kujali saa.

Ugumu huanzia mlangoni. Mama akiulizwa kama binti yake wa miaka tisa anafanya kazi, hujibu: hapana, ananisaidia tu. Ndani ya kusaidia huko mna kuchota maji, kupalilia, kubeba mdogo wake mgongoni na kutembeza vitumbua asubuhi. Mama hadanganyi, kwake kazi ni ile yenye ujira, au ya mtu mzima.

Jaribio la Andrew Dillon, Elena Bardasi, Kathleen Beegle na Pieter Serneels, lililofanyika Tanzania na kuchapishwa 2012, lilipima jambo hilohilo. Kwa bahati nasibu, kaya nyingine zilipewa dodoso fupi na nyingine dodoso refu linalochambua shughuli; watoto wengine walijibu wenyewe, kwa wengine, mtu wa kaya alijibu kwa niaba yao. Aina ya dodoso ilibadilisha kiwango cha watoto waliohesabiwa kuwa wanafanya kazi na, kwa kiasi kidogo, saa zao. Nani alijibu hakukuleta tofauti ya maana. Mzazi, ambaye kwa kawaida ndiye hushukiwa kuficha, hapa alisalimika.

Kazi za nyumbani huvuruga hesabu zaidi, na wanaofichika ni wasichana. Makadirio ya dunia ya ILO na UNICEF, watoto milioni 160 mwaka 2020 na milioni 138 mwaka 2024, hayazijumuishi katika kipimo chake kikuu. Katika takwimu za 2020, kuongeza kazi za nyumbani za saa 21 au zaidi kwa wiki kulipunguza karibu nusu ya pengo kati ya wavulana na wasichana wa miaka 5 hadi 14. Wasichana hao hawakuongezewa mzigo, uliandikwa tu.

Takwimu za miaka miwili zilizokusanywa kwa madodoso tofauti, basi, hazipaswi kulinganishwa hivihivi. Anayeambiwa kuwa utumikishwaji umepungua adai kwanza kuyaona madodoso yote mawili.