Ukimya wa Kijiji cha Wafugaji

(Mazungumzo mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo)



Mlitutuma, nasi tumerudi. Tulipoagana tuliahidi kuwaeleza tuliyoyaona na kuyasikia, bila kuyapamba. Tulikuwa watatu, tumealikwa na parokia moja ya milimani huko Hispania, katika eneo la Babia, kaskazini mwa mkoa wa León. Tulikaa kijijini siku kumi na mbili za mwezi Juni. Jina la kijiji hatutalitaja, kwa maana wakaaji wake wa kudumu ni wachache mno hata kumtaja mmoja ni kuwataja wote, na mengi tuliyoambiwa yalisemwa jikoni, si barazani.

Babia iko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na vilele vinavyoizunguka hupita meta 2,000. Nyumba ni za mawe, zimeshikana bega kwa bega kana kwamba zinaogopa theluji. Mbele ya kanisa pana birika refu la mawe la kunyweshea mifugo, na maji huanguka ndani yake usiku na mchana. Usiku wa kwanza hatukusikia kitu kingine ila maji hayo na kengele za shingoni mwa ng'ombe waliolala malishoni. Sisi tuliozoea kelele za stendi ya mabasi na vipaza sauti vya sokoni tulitazamana, tukasema: hapa ndipo amani ilipo.

Asubuhi tulimwambia hivyo bibi aliyetupokea nyumbani kwake, padre akiwa mkalimani wetu. Bibi aliweka chini kisu alichokuwa akikatia mkate, akatutazama kwa upole, akasema: "Wanangu, hicho mnachokisikia si amani. Ni watoto walioondoka."

Maneno hayo yalitufuata siku zote zilizobaki, na ndiyo yaliyotufanya tuache kusifu na kuanza kuuliza.

Waliondoka zaidi katika miaka ya 1950 hadi 1970. Wengine walikwenda Madrid, wengine kwenye viwanda vya Bilbao na migodi ya Asturias, wengine wakavuka mipaka hadi Ujerumani na Uswisi. Shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Jengo lake sasa ni ukumbi wa mikutano, na ubao ungalipo ukutani. Mkate huletwa na gari dogo linalopiga honi mbele ya birika, na asiyesikia honi hushinda bila mkate. Daktari huja kwa siku zilizopangwa. Padre ana vijiji vingi chini yake, naye Jumapili hukimbia kutoka altare moja hadi nyingine akiwa na hosti kwenye mkoba. Misa tuliyohudhuria ilikuwa na watu kumi na mmoja, ukituondoa sisi. Tarehe 31 Machi 1919 haikuwa, kama kijana mmoja aliyetafsiri vibaya alivyotuambia kwanza, bali 31 Machi 2019, makumi ya maelfu ya watu wa mikoa iliyoachwa namna hiyo walipoandamana katika jiji la Madrid. Walikataa kuiita nchi yao tupu. Waliiita nchi iliyotolewa watu, yaani kuna aliyefanya jambo hilo na kuna aliyeliruhusu. Tofauti hiyo ya maneno si ndogo kwa watu wa haki na amani.

Hata hivyo tusidhani kwamba kale palikuwa peponi. Kondoo wa milima ile ni wa aina ya merino, wenye sufu laini, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa utajiri mkubwa wa ufalme wa Kastilia. Hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Kiangazi hupanda milimani penye majani mabichi; vuli ikiingia hushuka hadi Extremadura, kusini-magharibi, kukwepa theluji, safari ya mamia ya kilometa. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliwapa wenye mifugo chama chao, Mesta, nacho kikapata nguvu za kutisha. Kilikuwa na mahakimu wake waliozunguka nchi wakiwatoza faini wakulima waliolima kwenye njia za mifugo. Mwaka 1501 wenye kondoo walipewa haki ya kuendelea kushika malisho waliyokwisha kuyakodi, mwenye ardhi apende asipende. Nyumba za kitawa nazo zilikuwa na makundi makubwa. Monasteri ya Guadalupe ni mfano mmojawapo. Kanisa basi halikuwa mtazamaji katika habari hii, na tungekosa uaminifu kama tungewasimulia habari ya mkulima aliyetozwa faini tukanyamaza juu ya kondoo wa watawa.

Mesta ilivunjwa mwaka 1836. Lakini nguvu ilipoondoka kwa wafugaji, haikwenda kwa wanyonge. Njia za mifugo zilianza kuliwa kidogo kidogo: hapa shamba, pale barabara, kwingine nyumba. Kisha mwaka 1855 ikatoka sheria ya waziri Pascual Madoz iliyoamuru mali za vijiji, pamoja na malisho ya wote, ziuzwe kwa mnada. Mwenye fedha alinunua mlima. Asiye nazo alibaki na mbuzi wawili bila mahali pa kuwachungia. Katika milima ya León vipo vijiji ambavyo wakaaji walichanga, wakanunua wenyewe malisho yaliyokuwa yao tangu mababu. Walilipia kitu chao wenyewe ili wasinyang'anywe. Mwenyekiti wa kijiji chetu alipotueleza hayo alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Wengi wenu mnatoka katika tarafa ambako mkulima na mfugaji hutazamana kwa hofu, kwa hiyo mtapenda kujua njia zile ziko wapi leo. Njia kubwa, waiitayo cañada, ilikuwa na upana wa vara 90 za Kastilia, ambazo ni kama meta 75. Sheria ya tarehe 23 Machi 1995 ilithibitisha kwamba njia hizo ni mali ya umma: haziuzwi, wala mtu hawezi kudai ni zake kwa sababu amelima hapo miaka mingi. Urefu wake wote hukadiriwa kuwa kilometa 125,000. Tangu mwaka 1994 kundi la kondoo limekuwa likipitishwa wakati wa vuli katikati ya Madrid, magari yakisimama, na wachungaji wakilipa ushuru wa maravedi 50 kwa kila kondoo elfu kufuatana na mapatano ya mwaka 1418. Watu wa mjini hupiga picha. Wachungaji wanajua wanachofanya: haki ya njia isiyokanyagwa husahauliwa. Desemba 2023 UNESCO iliuingiza uchungaji huu wa kuhamahama wa Hispania na nchi nyingine kadhaa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Ni heshima njema, ila cheti hakilipi mshahara wa mchungaji, na kondoo wengi sasa husafiri kwa malori.

Mchungaji tulimkuta malishoni, mwendo wa saa tatu kwa miguu juu ya kijiji. Hakuwa mtu wa Babia. Alitoka Moroko, Mwislamu, naye alikuwa peke yake na kondoo zaidi ya elfu moja, katika kibanda cha mawe chenye kitanda kimoja na jiko la gesi. Alitupikia chai ya nanaa. Alituonyesha mbwa wake wakubwa wa ulinzi, mmoja akiwa amevikwa kola ya chuma yenye miiba ili mbwa mwitu asimkabe koo. Juu ya mbwa mwitu wenyeji wanabishana sana na serikali. Septemba 2021 kuwinda mnyama huyo kulipigwa marufuku nchini kote. Mwaka 2025 Bunge liliuondoa ulinzi huo kwa upande wa kaskazini wa mto Duero, ambako Babia imo. Mchungaji hakuwa na hamu ya ubishi huo. Alichotaka kutuambia ni kwamba hajaiona familia yake kwa muda mrefu, na kwamba mkataba wake unataja saa za kazi ambazo kondoo hawazijui.

Mnakumbuka Injili ya Yohane, sura ya 10, jinsi inavyomsema mtu wa mshahara: akimwona mbwa mwitu huwaacha kondoo akakimbia. Tulishuka mlima tukiwa na aibu kidogo. Huyu wa mshahara ndiye aliyebaki. Waliokuwa na urithi ndio walioondoka. Tulimwuliza padre kama wanakijiji humtembelea. Akasema wawili hupanda, mmoja kumpelekea unga na mafuta, mwingine, bibi yetu wa mkate, kwa mguu mbovu, mara moja kila kiangazi, kumpelekea jibini. Halmashauri ya parokia haijawahi kulizungumza jambo hilo. Nasi tulijiuliza, bila kusubiri kuulizwa, ni wangapi kati yetu tunalijua jina la kijana anayetuchungia ng'ombe.

Tuje sasa kwenye baraza la kijiji, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Mkoa wa León una mabaraza madogo ya vijiji zaidi ya 1,200, yenye kusimamia malisho, maji na misitu ya wote. Mwaka 2012 serikali ilikusudia kuyafuta kwa sababu ya gharama. Vijiji vilipinga. Sheria iliyopitishwa Desemba 2013 iliyaacha yabaki, kwa sharti kwamba yawasilishe hesabu zake, na lisilowasilisha livunjwe. Mwenyekiti, mzee wa ng'ombe arobaini, alitutolea daftari lake kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Kila kodi ya malisho, kila mfuko wa saruji, vimeandikwa. "Walitaka kutuua kwa kutudai hesabu," alisema, "nasi tukapona kwa kuzitoa." Tunaomba watunza hazina wa jumuiya zetu waliomo ukumbini wasituchukie kwa kulirudia neno hilo.

Zamani kila nyumba ilichunga mifugo ya kijiji kizima kwa zamu, zamu ikihesabiwa kwa idadi ya wanyama: mwenye wengi alichunga siku nyingi. Desturi hiyo imekufa kwa kukosa watu. Iliyobaki ni kazi ya msaragambo, ambayo kengele ya kanisa hulia na kila nyumba hutoa mtu mmoja kuzibua mfereji au kutengeneza njia.

Jioni ya siku yetu ya tisa kengele ililia kwa ajili ya mkutano. Walikutana kibarazani mwa kanisa, kama babu zao. Jambo lilikuwa moja: malisho ya juu yapangishwe kwa nani. Tajiri mmoja wa mbali alitoa kodi kubwa. Angeleta ng'ombe kwa lori mwezi Juni na kuwaondoa Oktoba, yeye mwenyewe asionekane. Upande wa pili walikuwapo mume na mke vijana, wenye mbuzi na mtoto mchanga, waliotaka kuhamia kijijini na kutengeneza jibini. Hawakuweza kulipa hata nusu ya kodi ile. Na bomba la maji lilikuwa limepasuka sehemu mbili. Fedha za tajiri zingetosha kulibadilisha lote.

Walibishana kwa saa mbili. Waliosema fedha kwanza hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, mjane, alisema hawezi kubeba ndoo tena katika theluji kwa ajili ya ndoto za watoto wa mjini ambao huenda wakakimbia baridi ya kwanza. Hakuna aliyemjibu kwa haraka. Mzee mmoja aliuliza tu kama kuna anayekumbuka mara ya mwisho mtoto alipobatizwa katika kanisa lile, wakaanza kuhesabu, wakashindwa kukubaliana mwaka. Kura zilipigwa kwa kunyosha mkono: tisa kwa vijana, saba kwa tajiri. Mjane alikuwa kati ya wale saba. Kisha mwenyekiti akaandika daftarini kwamba bomba litatengenezwa kwa msaragambo, na kwamba kuanzia nyumba ya mjane.

Jumamosi kengele ililia saa moja asubuhi. Nasi tulipewa sepetu. Udongo wa pale una mawe mengi, na hadi adhuhuri tulikuwa tumefukua meta ishirini tu, mjane akituletea divai na kutuonyesha mahali tulipochimba vibaya. Yule mume kijana alifika na mbuzi wake wa kwanza sita ndani ya gari, akawafungia uani pa shule, akaja mferejini kuchimba.