Kiinua Mgongo na Masurufu ya Nyumbani kwa Mtumishi Anayestaafu Mapema

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wanaokaribia kustaafu)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya fedha, jambo ambalo sisi watu wa visiwa hivi hatupendi kulitaja hadharani. Mtu atakuhadithia maradhi yake yote barazani, lakini akiba yake haijui hata mkewe. Leo naomba tuiweke kando haya hiyo kwa muda mfupi.

Kwa mujibu wa taratibu za utumishi wa umma Zanzibar, mtumishi huweza kustaafu kwa hiari afikapo umri wa miaka 55, na kwa lazima afikapo miaka 60. Hiyo hiari ya miaka 55 ndiyo nitakayoizungumzia, kwa sababu ndiyo inayodanganya. Mtu wa umri huo angali ana nguvu, watoto wake aghalabu wangali skuli, na wazee wake huenda wangali hai wakimtegemea. Pencheni Jamii, iliyoanza mwezi wa Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na ambayo baadae ilipandishwa, humfikia aliyetimiza miaka 70. Baina ya 55 na 70 pana miaka 15. Katika miaka hiyo mstaafu hana ila pencheni yake ya kazi, akiba yake na jasho lake.

Natuchukue mfano. Mtumishi amelipa madeni yake yote, na katika kiinua mgongo chake zimebakia shilingi milioni 24. Tarakimu hii ni ya kufanyia hesabu tu, kila mmoja wenu aweke yake. Pencheni yake ya mwezi haitoshi masurufu ya nyumba, kwa hiyo kila mwezi anakwenda benki kutoa nyongeza ya shilingi 400,000. Fedha hizo zitakwisha kwa miezi 60. Maana yake ni kwamba siku ile ambayo angelazimika kustaafu kwa umri, yaani miaka 60, yeye hana tena akiba, na Pencheni Jamii iko mbele yake kwa miaka 10. Akitoa 200,000 badala ya 400,000, zitamfikisha miaka 65.

Lakini hata hesabu hiyo ya pili ina kasoro, nayo ni bei za vitu. Tukisema bei zinapanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, basi masurufu yanayotosha leo kwa 300,000 yatahitaji karibu 600,000 baada ya miaka 14. Mstaafu wetu akitaka nyongeza yake iende sambamba na bei, aanze na 200,000 na kuizidisha kwa asilimia 5 kila mwaka, milioni 24 hazitafika miaka 10. Zitakwisha baada ya miaka minane na miezi michache. Nimeirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea.

Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichapisha uchunguzi wake juu ya suala hili hili: mstaafu atoe kiasi gani kila mwaka ili akiba imfikishe miaka 30? Jawabu lake lilikuwa asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha aongeze kadiri bei zinavyopanda. Kwa milioni 24, hiyo ni 960,000 kwa mwaka, yaani 80,000 kwa mwezi. Hesabu zake zilitokana na hisa na hati fungani za Marekani, kwa hiyo tusizichukue kama zilivyo. Lililo la manufaa kwetu ni kwamba aliona hatari kubwa iko katika miaka ya mwanzo. Anayepata hasara au kutumia sana mapema haiwahi tena akiba yake, hata miaka ya baadae ikiwa mizuri.

Na sisi miaka yetu ya mwanzo tunaijua. Fedha zikishaingia, habari zinafika mtaani kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Mpwa anataka kuoa, jirani anataka mkopo wa wiki mbili, nyumba inataka bati jipya. Wako pia mabwana wanaoona huo ndio wakati wa kuongeza mke, na hilo sitalisemea zaidi kwa kuwa mabibi wapo ukumbini. Namjua mwalimu mmoja, jina lake nalistiri, aliyestaafu akiwa na miaka 55, akakodi mikarafuu Pemba kwa zaidi ya nusu ya kiinua mgongo chake. Hakuwa mvivu wala mjinga. Aliuona mwaka mmoja wa neema akadhani ndio desturi, ilhali mkarafuu uliozaa sana mwaka huu huweza kupumzika mwaka ujao. Mwaka ule haikuzaa. Sasa anasomesha watoto jioni, na anashukuru kwamba angalau kazi hiyo anaiweza.

Kwa hivyo nashauri mwaka wa kwanza usiwe wa biashara wala ujenzi. Uwe wa daftari. Andikeni kila kinachotoka, pamoja na vitumbua vya asubuhi na nauli ya daladala, kwa miezi 12 kamili. Miezi mitatu haitoshi, kwani matumizi yetu hayalingani mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani nyumba hutumia zaidi, kisha inakuja Idi na nguo zake, na Januari zinafunguliwa skuli kwa sare na madaftari. Miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka wa miladi, hivyo matumizi hayo hukaribiana na kuachana. Mwaka 2030, kwa hesabu za kalenda, Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Anayestaafu karibuni aiandike tarehe hiyo katika ukurasa wa kwanza.

Baada ya daftari, tenganisheni akaunti. Moja iwe ghala na ya pili iwe ya matumizi, na kila mwezi, siku ile ile moja, ghala liilipe akaunti ya matumizi kiasi kilichopangwa, kama vile Serikali ilivyokuwa ikikulipeni mshahara. Kikiisha kabla ya mwezi, nyumba ipunguze. Kadi ya ghala isikae mfukoni. Katika ghala lenyewe, fedha za mwaka mmoja ziwe karibu kwa ajili ya maradhi na dharura, nyengine ziwekwe kwa muda maalumu, kwa mafungu yanayoiva kwa nyakati mbalimbali. Anayejiepusha na riba anazo njia. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma za Kiislamu mwaka 2011, ambapo mwekaji hushiriki katika faida, na faida hiyo haiahidiwi kabla. Hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania zipo hadi za miaka 25, nazo hulipa mara mbili kwa mwaka. Lakini mwenye miaka 55 akumbuke kuwa rasilimali ya hati hiyo hurudi yeye akiwa na 80, isipokuwa akiiuza mapema kwa bei ya soko la siku hiyo.

Zaka pia iingizwe katika hesabu. Akiba iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka inatoka fungu moja katika arobaini, yaani shilingi 25,000 kwa kila milioni.

Na Hijja? Suala hili naulizwa kila mara, na wengi wameshaweka nia kwamba kiinua mgongo ndicho kitakachowapeleka Makka. Nia hiyo ni njema. Ila mafakihi wameeleza kwamba uwezo wa Hijja ni pamoja na kuwaachia masurufu wale unaowajibika kwao hadi urudi, na madeni yalipwe. Ambaye kiinua mgongo chake ni nauli tu, na nyuma anaacha watoto wadogo na deni la duka, aende kwanza kwa sheikh wake amweleze hali yote bila ya kuficha.

Mwisho, namba za akaunti, hati za pencheni na daftari lenyewe mke avijue, na mume vivyo hivyo kwa mke aliyestaafu. Mjane aliye edani kwa miezi minne na siku kumi asianze kuulizia mtaani marehemu aliweka wapi fedha.

Masjala wamechapisha karatasi za kurasa 12, moja kwa kila mwezi, zipo mlangoni. Sasa napokea masuala.