Mbuzi Alikuwa Wake

Somo: Luka 15:25-32

 

Habari ya mwana mpotevu twaijua sana. Mara nyingi huhubiriwa kwa ajili ya yule mdogo aliyetapanya mali. Leo natamani tumtazame kaka yake, kwa maana wengi wetu tulio watu wazima, wenye nyumba, watoto na madaraka kanisani, twafanana naye zaidi.

Mtu huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Alitoka shambani, akasikia watu wakiimba na kucheza nyumbani kwa baba yake. Hakuingia. Alimwita mtumishi na kumwuliza kuna nini, kana kwamba furaha katika boma lile ni jambo la kutiliwa shaka. Kisha akamlaumu baba yake kwamba kwa miaka yote aliyomtumikia hakupewa hata mwana-mbuzi, apate kufurahi na rafiki zake.

Lakini rudini nyuma kidogo, katika aya ya 12. Imeandikwa kwamba baba aliwagawia wana wote wawili mali yake. Basi, tangu siku ile mbuzi walikuwa wake! Hakuna aliyemkataza. Alingoja kupewa kitu ambacho tayari alikuwa nacho, na kungoja huko kukaugeuza moyo wake kuwa mchungu.

Wazee wa Ukambani wanaikumbuka njaa ya mwaka 1984. Iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani, nafa hali nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Mwana huyu naye alikuwa akifa hali ameshika. Tofauti ni kwamba kwake chakula kilikuwa mezani na mlango ulikuwa wazi.

Ndugu yangu, kwa nini nasi twasimama nje?

Wengine watasema, ni kwa sababu ya shida. Mvua haikunyesha, karo ya shule haijalipwa, tutacheka na nini? Neno hili si dogo. Katika nchi yetu mbuzi si kitoweo tu. Ni karo, ni dawa, ni akiba ya miezi ya njaa. Mzazi mwenye busara hamchinji ovyo. Lakini tukumbuke Habakuki. Alitaja mtini usiochanua na zizi lisilo na ng'ombe, na hata hivyo akaazimia kumfurahia Bwana. Hakungoja zizi lijae kwanza.

Wengine huogopa dhambi. Misheni ya Africa Inland ilipoanza kazi Nzaui mwaka 1895, na katika miaka iliyofuata, waliobatizwa walifundishwa kuziacha ngoma za kienyeji, hasa kilumi, iliyohusiana na mizimu. Walioziacha kwa ajili ya Kristo walilipa gharama, nasi twawaheshimu. Lakini kuacha mizimu ni jambo moja, na kuacha kicheko ni jambo jingine. Hili la pili Bwana hakulidai. Yeye mwenyewe alikwenda arusini Kana.

Tena kuna hatari hapa. Nyumba ya mwamini ikiwa ni mahali pa maagizo na makaripio tu, watoto wataamini kwamba furaha yapatikana kilabuni peke yake. Yule mdogo alikwenda nchi ya mbali kuitafuta. Je, wetu watakwenda wapi?

Basi tufanye nini? Tuanze na kazi zenyewe. Tazameni akina mama wa mwethya wanapochimba mitaro ya fanya juu, wakitupa udongo upande wa juu wa shamba. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na jembe hufuata wimbo. Utani ni mwingi, vicheko ni vingi, na jioni mtaro umekwisha. Ukiunyamazisha wimbo hutaokoa hata dakika moja. Utaongeza uchovu tu.

Kisha jioni, baada ya isyo au muthokoi, baba asikimbilie kuuliza habari za alama za mtihani. Na atege ndai, vile vitendawili tulivyorithi kwa babu zetu, naye akubali kushindwa na mtoto wake mdogo. Mke na mume wakumbushane mambo yaliyowachekesha walipokuwa wachumba. Haya hayahitaji fedha.

Na furaha yetu isiwe ya kufunga mlango. Katika Kumbukumbu la Torati 16:14, Mungu aliwaagiza Israeli wafurahi katika sikukuu yao pamoja na mtumishi, mgeni, yatima na mjane. Tuangalie vema: ni agizo, kama yalivyo maagizo mengine. Maembe yanapoiva Makueni mwezi wa Desemba, jirani ambaye mti wake haukuzaa na aitwe chini ya mti wako, mle na kuzungumza.

Luka hakutuambia kama mwana mkubwa aliingia hatimaye. Baba alitoka nje kumsihi, na habari ikaishia hapo. Nadhani iliachwa hivyo ili kila mmoja wetu ajibu mwenyewe. Jioni ya leo, ukisikia watoto wakicheka uani, usiwanyamazishe. Toka, uketi nao.

Tuombe. Ee Baba, wewe uliyetugawia mali yako yote katika Mwanao, utusamehe kwa kuwa tumekutumikia kwa nyuso za huzuni. Uwakumbuke walio na njaa na wanaofiwa, uwape faraja. Utufundishe kuingia nyumbani mwako na kufurahi pamoja na ndugu zetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.