Nyuma ya Kila Mechi Kuna Msimamizi

Hotuba kwa vijana na wazazi kuhusu masomo ya usimamizi wa michezo na burudani



Kenya ilikuwa iandae Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996. Maandalizi yakazorota, ikapokonywa nafasi hiyo, na mechi zikachezwa Afrika Kusini. Mnamo 2017 mambo yakajirudia: viwanja havikuwa tayari, na michuano ya CHAN ya mwaka 2018 ikapelekwa Morocco. Mara zote mbili nchi haikukosa wachezaji wala mashabiki. Ilikosa maandalizi.

Agosti 2025 michuano ya CHAN ilifika hatimaye, Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Kasarani ikafurika. Lakini watu waliingia bila tiketi, na shirikisho la kandanda la Afrika, CAF, likapunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa uwanjani. Lango likisimamiwa vibaya, watu hukanyagana na maisha hupotea. Kuzuia hilo ni kazi, na kazi hiyo husomewa.

Wazazi wengi wakisikia mtoto anataka kusomea michezo, hudhani atakwenda kupiga mpira miaka minne kwa karo yao. Sivyo. Mwanafunzi wa usimamizi wa michezo na burudani hujifunza uhasibu na bajeti, kutafuta wadhamini, sheria za michezo, utunzaji wa viwanja, usalama wa umati na uandalizi wa hafla. Kisha hupelekwa nyanjani kufanya kazi chini ya wenye ujuzi. Si lazima awe mkimbiaji hodari.

Tazameni mechi moja tu ya wadi. Nani alipanga ratiba? Nani aliwaandikia polisi barua na kuhakikisha kuna mtu wa huduma ya kwanza? Pesa za kiingilio zilihesabiwa na nani, na stakabadhi ziko wapi? Pasipo mtu wa kujibu maswali hayo, mashindano huishia kwenye ugomvi, na mdhamini harudi mwaka unaofuata.

Nafasi za kazi ziko za aina nyingi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kwa hiyo kaunti zote 47 zinahitaji watu wa kuvisimamia. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo, na klabu isiyo na katiba wala hesabu safi hupata shida hapo. Vyama vya riadha na kandanda, shule, kumbi za mazoezi, kampuni za hafla na kambi za vijana huhitaji wasimamizi. Hoteli za Pwani nazo huajiri watu wa kuandaa michezo na burudani ya wageni.

Kijana aliyepata C+ na zaidi katika KCSE anaweza kuomba shahada kupitia KUCCPS, mradi atimize masharti ya kozi yenyewe. Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vinavyofundisha fani hii. Mwenye C- anaweza kuanza na diploma na kupanda ngazi baadaye. Mwenye alama za chini ya hapo aulize kuhusu kozi za cheti.

Hata hivyo, ukweli usemwe mapema. Cheti peke yake hakimpi mtu kazi. Nafasi za serikali ni chache na wanaoziomba ni wengi. Anayepata kazi haraka ni yule ambaye akiwa bado mwanafunzi alijitolea kuandaa mashindano ya wadi, akaweka kumbukumbu za hesabu na kujulikana kwa uaminifu. Kabla ya kulipa karo, mzazi ahakikishe kwamba chuo na kozi vimeidhinishwa: vyuo vikuu kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, vyuo vya kiufundi kwa TVETA. Wapo wazazi waliouza ng'ombe wakaambulia karatasi isiyotambulika.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kijana anayeanza shahada sasa huenda asiwe amehitimu wakati huo, lakini mipira ikishakwisha, viwanja vitabaki. Vitahitaji mtu wa kukata nyasi kwa wakati, kuvikodisha kwa faida na kufungua milango bila mtu kuumia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na atunzwe pia anayeufagia uwanja, akapanga viti na kuhakikisha kila aliyekuja kutazama amerudi nyumbani salama.