Walipanga Tukuyu, Kayamba Akapinga London

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Tukuyu)

 

Tukuyu tunaijua kwa chai, ndizi na mvua. Lakini mwaka 1925 njama nzito ilisukwa hapa hapa. Lord Delamere, kigogo wa walowezi wa Kenya, aliwaita wenzake wa Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ajenda? Kuziunganisha nchi hizi, mlowezi ashike usukani. Mwenye ardhi hakuulizwa.

Hoja ile ilifika hadi Bunge la Uingereza. Kamati ikaundwa, na mwaka 1931 Waafrika watatu kutoka Tanganyika wakaenda London kutoa ushahidi: Chifu Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, na karani aitwaye Martin Kayamba.

Kayamba ni nani? Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma shule za misheni. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa, Wajerumani walimtia kizuizini. Walipoingia Waingereza akawa karani Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha huko chama cha Waafrika watumishi wa serikali.

Mbele ya kamati ile, watatu hao waliukataa muungano. Walikuwa na sababu. Kenya ardhi nono ilikuwa mikononi mwa walowezi, na mwenyeji alitembea na kipande shingoni. Nani angetaka balaa hilo livuke mpaka? Kamati nayo ikaona muungano usifanyike wakati ule.

Sasa tusidanganyane. Kayamba hakupigiwa kura na mtu. Aliteuliwa na serikali, na mwaka 1932 akapelekwa Sekretarieti, Dar es Salaam, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa enzi hizo. Tena Gavana Cameron mwenyewe hakuupenda muungano ule. Je, gavana angekuwa anautaka, watatu hawa wangepanda meli?

Hapo ndipo penye somo, ndugu zangu. Kayamba alisema kweli, tumheshimu. Lakini sauti yake ilikuwa ya kuazimwa, na cha kuazima mwenyewe hukidai wakati wowote.

Kwa hiyo mtu akisimama kijiweni au jukwaani akadai anasema kwa niaba ya Rungwe, msimpigie makofi upesi. Muulizeni kwanza: nani kakutuma, na sisi tunaweza kukuondoa?